Mwalimu Isdory Mapunda na Mawe Yaliyouma

Tumsifu Yesu Kristo, asalaam aleykum, wazee wetu shikamooni. Mimi ni Hosea, mtoto wa kwanza wa marehemu, na kwa niaba ya familia naomba niwasomee maisha ya baba yetu.

Marehemu Isdory Mapunda alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, wilayani Mbinga, akasoma shule ya msingi na sekondari hukohuko, kisha akaingia chuo cha ualimu Songea, na mwezi Januari 1983 akapangiwa kufundisha sayansi hapa Utende, kisiwani Mafia, akiwa hajawahi kuiona bahari wala kujua kuogelea.

Mwezi uleule alishuka kuoga ufukweni, akapigwa pajani na konyeza, yule mdudu laini anayeelea kama mfuko wa nailoni, ana minyiri inayowasha kuliko upupu, na Mzee Mudrik, ambaye yupo hapa mbele yetu, ndiye aliyembeba mpaka zahanati, ambako alipokelewa na nesi mgeni kutoka Njombe aitwaye Tekla.

"Nesi, nimepatwa na konyeza," baba akasema.

"Nani kakukonyeza, Mwalimu?"

"Simjui, alikuwa ndani ya maji."

"Kakukonyeza wapi?"

"Pajani."

Nesi akamwonyesha mlango. Ilibidi Mzee Mudrik aeleze kwamba konyeza ni mdudu, si jicho la mtu, na baba apandishe suruali zionekane alama nyekundu kama za viboko, ndipo nesi akacheka mpaka akamwaga siki aliyokuwa ameishika kwa ajili ya dawa. Baba aliendelea kwenda kubadilishiwa bandeji hata jeraha lilipokuwa limepona kabisa, na tarehe 22 Juni 1985 walifunga ndoa, wakajaliwa watoto wawili, mimi na mdogo wangu Blessing.

Mwaka 1991 baba aliwafundisha wanafunzi kwamba matumbawe si mawe, bali ni wanyama wa ukoo mmoja na konyeza. Watoto wakayafikisha nyumbani, wazazi wakaitisha mkutano, na Mzee Mudrik, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, akasimama.

"Mwalimu, nyumba ya babu yangu imejengwa kwa matumbawe. Unataka kusema tunalala tumboni mwa mnyama?"

Wakamwambia athibitishe, la sivyo aombe uhamisho. Mama anasema baba alikosa usingizi, kwa kuwa tangu apigwe na yule konyeza alikuwa hajagusa maji ya bahari hata kwa kidole, lakini maji yalipokupwa sana alivaa suruali mbili, soksi na viatu vya mvua, akaingia, wazazi wote nyuma yake, mpaka penye miamba. Kabla hajafungua mdomo, Mzee Mudrik akaukandamiza mkono wake juu ya tumbawe moja la manjano.

"Tazameni, jiwe hili! Jiwe tu... Lo! Limeniuma!"

Baba akamuuliza kwa upole, "Jiwe gani linauma, Mwenyekiti?"

Mzee Mudrik, mkono umemvimba, ndiye aliyeanza kucheka, na habari ya uhamisho ikafa palepale, na tangu siku ile hawakuachana, Idi baba alikula kwake, Krismasi yeye alikula kwetu.

Baba alistaafu mwaka 2018. Mwaka 2023 alianza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa hapa Mafia na Dar es Salaam, hadi tarehe 9 Juni 2025 alipofariki nyumbani kwake, mama akiwa amemshika mkono.

Baba zetu wadogo waliofika kutoka Mbinga walitaka kumsafirisha, nasi tuliwaeleza kauli yake mwenyewe: "Kule nilizaliwa, lakini hapa nimeaibika, nimeoa na nimesomesha. Nizikeni hapa." Bado wakasita, mpaka jana Mzee Mudrik alipowauliza, "Alipokuwa kijana hamkuja kumchukua, leo amezeeka na sisi, mnamtaka wa nini?" Mkubwa wao akaomba jembe, akaenda kusaidia kuchimba kaburi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, walimu wenzake, wanafunzi wake wa zamani, na majirani wa Utende mliopika na kukesha nasi bila kuuliza dini ya mfiwa.

Mwalimu, umefika kwenu. Pumzika kwa amani.