Kumuaga Mzee Isaiah, Mdakaji wa Safu ya Tatu

Mheshimiwa Mwenyekiti wa umoja wetu, Mama Everlyn. Mchungaji Zephania, ambaye nimeshamwona akiangalia saa. Sir, meneja wetu wa sinema. Ndugu wageni waalikwa kutoka Silicon Oasis, yaani Bi Nagamani, mume wako na mama mkwe wako. Walinzi wenzangu wa bweni la Discovery Gardens hapa Dubai, mnaolala sita chumba kimoja na bado mnaitana bosi. Na wewe Hudson, ili usije ukasema hukutajwa: hamjambo?

Mimi ni Jotham. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, inategemea unamuuliza nani. Lakini kamati ilipotafuta mtu wa kumuaga Mzee Isaiah kwa Kiswahili kilichoshiba, ilimpita mwenye diploma, ikampita mwenye digrii anayelinda lifti, ikaja kugonga kwangu. Sijisifu. Naripoti tu. Wageni wetu, Mama Everlyn atawanong'onezea kwa Kiingereza, na pale nitakapomtania mume wa Bi Nagamani, atakohoa.

Ndugu zangu, kesho Mzee Isaiah anarudi kwao Vihiga kwa heshima zake zote. Nataka mjue kwamba ilibaki kidogo sana arudi bila hata moja.

Mnamjua mzee huyu. Huko kwao yeye ni shemasi, na kanisani kazi yake haikuwa kuhubiri wala kuimba. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya watu wanaoombewa, ili wakianguka, wasifike chini. Amedaka akina mama wa kila uzito. Hata hapa Dubai, ndani ya koti la ulinzi, alitembea na leso iliyokunjwa, ya kumfunika mwanamke miguu akishadakwa. Sisi tulimcheka. Tulimwambia, "Mzee, hii ni sinema ya Al Rigga, nani ataanguka hapa, bisi?" Naye alikuwa akijibu, "Kijana, wewe endelea kucheka, mimi niendelee kubeba."

Ikaja ile filamu ya Kitelugu, mwaka 2014. Waliokuwa zamu wanaikumbuka. Kuna bibi harusi anayemwamini mungu wa kike wa kijiji chao, wanamwita Amma, yaani Mama. Mchawi anamtesa, ukoo wa mume unamtesa, mvua inamnyeshea, na yeye kila siku yuko hekaluni analia mbele ya sanamu, na sanamu imenyamaza kama ofisi ya viza siku ya Ijumaa. Kitelugu sikijui hata salamu, lakini filamu hiyo niliielewa yote. Kuonewa hakuhitaji mkalimani. Nilimwelewa dada yule kiasi kwamba Hudson alinikuta mlangoni nalia, nikamwambia ni ile hewa baridi.

Sasa, watu walipokuja kuitazama, walivua viatu mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu Amma yumo ndani. Walinzi wengine wa Dubai wanalinda benki na majumba ya masheikh; mimi, Jotham, nililinda mlima wa kandambili, na hakuna hata moja iliyopotea.

Ijumaa moja, onyesho la alasiri, ukumbi umejaa. Karibu na mwisho, mchawi amemshika bibi harusi nywele, ngoma zinalia, na ile sanamu, baada ya kunyamaza filamu nzima, ikafumbua macho. Ukumbi mzima ukapiga kelele. Na katika safu ya tatu, Bi Nagamani akasimama, nywele zikafunguka, akaanza kuzunguka, akatoka hadi kwenye ngazi za pembeni.

Hapo lazima niwakumbushe sheria yetu ya kazi, maana ndipo roho yangu ilipopaa. Mlinzi akimgusa mteja wa kike, khalas, amekwisha. Hakuna kujieleza. Ni begi, ni uwanja wa ndege, na barua ya malalamiko inayokutangulia nyumbani. Kila mmoja wetu hapa anaijua sheria hiyo kuliko Baba Yetu. Mzee Isaiah ndiye aliyetufundisha!

Lakini mwili wa mzee ulisahau uko wapi. Bi Nagamani alipoegemea hewa, mzee alikuwa ameshafika nyuma yake. Alimdaka kwa leso, si kwa mikono mitupu, akamshusha taratibu kama anayeweka mayai, akamfunika miguu, na kwa mazoea ya miaka yote ile akapaza sauti: "Pokea, mama, pokea!" Kisha akafumba macho, akaanza kuomba. Ukumbi mzima ukadhani naye amepandwa na Amma.

Mume wako, Bi Nagamani, (Mama Everlyn, kohoa) alikuja juu kama gesi. "Nani amemruhusu huyu kumshika mke wangu? Meneja! Polisi!" Sir akafika mbio, akanyoosha mkono: "Isaiah, kitambulisho chako." Mzee akafumbua macho, akaanza kukivua shingoni. Ndugu zangu, nimewahi kuona watu wazima wakilia, lakini sijawahi kuona mtu mzima akishindwa kufungua kamba ya kitambulisho.

Ndipo Bi Nagamani, akiwa chini na macho ameyafumba, akasema neno. Sauti haikuwa yake. Ilitoka chini kabisa. Mama mkwe akapiga magoti. Na Sir, mnayemjua kwa ukali wake, ambaye Kitelugu ndiyo lugha ya mama yake, akavua viatu.

Nikamvuta shati. "Sir, amesema nini?"

Akaniambia kwa sauti ndogo: "Amma anasema, mwacheni. Huyu ni mlinzi wangu."

Niwaulize: kuna mlinzi gani mwingine katika mji huu aliyewahi kutetewa namna hiyo mbele ya arbab, bosi wake? Nani angethubutu kumfukuza? Kitambulisho kikabaki shingoni. Mama mkwe akampa kipande cha nazi, akampaka poda nyekundu katikati ya paji la uso. Mzee akadhani anafutwa jasho, akasema asante.

Jioni akaenda ibadani. Nilimwambia, "Mzee, una kitu usoni." Akajibu, "Kijana, usoni mwangu kuna neema tu." Akaingia na neema yake nyekundu hadi kiti cha mbele. Mchungaji Zephania, ulikata mahubiri katikati, usikatae. Ukamwita pembeni: "Shemasi, ni kweli ulimshika mwanamke aliyepandwa na mungu wa sanamu?"

Mzee akasema, "Mchungaji, nilimshika mwanamke aliyekuwa anaanguka. Aliyempandisha sikumwona."

Mkahamia kwenye nazi, kama Mkristo anaruhusiwa kuila au la. Mlipofika kwa Mtume Paulo, Hudson alikuwa ameshaimaliza.

Leo mlangoni nimemuuliza Bi Nagamani: "Dada, siku ile alisema Amma au ulisema wewe?" Amesema hakumbuki kitu. Kisha akamtazama mume wake, akatabasamu. Mimi nimeishia hapo.

Sasa, mzee wangu, moja tu bila utani. Siku niliyopigiwa simu kwamba mama amefariki, nilikuwa nimesimama koridoni kwetu. Sikumbuki aliyepiga wala alichosema. Nakumbuka mikono miwili nyuma ya mgongo wangu, haijanigusa, inangoja. Hukuniambia pole, hukuniambia jikaze. Ulisimama tu nyuma yangu mpaka miguu yangu ikarudi. Kumbe wakati wote ule tulipokuwa tukicheka leso, ulikuwa unatulinda sisi.

Kwa hiyo usigeuke, mzee. Nyuma ya kiti chako nimewapanga vijana wote wa Discovery Gardens, mikono mbele, kama ulivyotufundisha. Hudson nimemtoa kwenye mstari, maana wakati wa mazoezi ndiye aliyeniangusha. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kuanguka, anguka, mzee wangu. Leo tupo sisi.

Nawashukuru nyote kwa kunivumilia na kunipa masikio yenu. Yalla, mzee, simama tukuone.