Mama Milimita na Sentensi Aliyoidai Wizarani

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu. Nimepewa kazi hii kwa sababu watoto wake wamesema hawataiweza. Hata mimi sina hakika. Nikikwama, mnivumilie.

Dada yetu, ambaye karibu nyote mlimwita Mama Milimita, alizaliwa siku ya Ijumaa, tarehe 17 Mei 1957, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba alikuwa fundi wa reli na mama alikuwa mshonaji. Tulikaa vyumba viwili nyuma ya stesheni, na tangu akiwa mdogo marehemu aliiba futi ya mama ya kushonea na kupima kila kilichokatwa mezani, mkate ukiwemo, ili asionewe. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonea, kwa hiyo nawaambia jambo ninalolijua.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1964 hadi 1970, kisha akaingia shule ya ufundi, ambako katika darasa la chuma alikuwa msichana peke yake. Mwalimu alimweka benchi la nyuma. Muhula wa pili haujaisha, mwalimu huyo huyo akawa anawaambia wavulana, “Kabla hujaniletea mimi, mpelekee yule akupimie.” Alihitimu Novemba 1975.

Januari 1976 aliajiriwa na kiwanda cha umma cha majembe. Huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, fundi umeme, nao wakafunga ndoa tarehe 11 Desemba 1982. Shemeji alikuwa amekisia kipimo cha kidole, na pete ikagoma kupita. Watu wazima walianza kunong’onezana, lakini bibi harusi akasema, “Acheni, Jumatatu nitaipanua mwenyewe kazini,” na kweli aliipanua. Walijaliwa watoto watatu. Shemeji alitutoka mwaka 2009, na miaka yote ile sikuwahi kuwasikia wakigombana kwa jambo lisilohusu ufundi.

Mwaka 1994 serikali ilifungulia bidhaa za nje, majembe ya kigeni yakajaa madukani, na kiwanda kikashindwa kufua dafu. Kilifungwa Agosti. Wafanyakazi mia tatu walirudi nyumbani, na yeye badala ya kiinua mgongo alipewa presi kuukuu ya kukandamizia chuma. Watu walimcheka. Alikodi lori, akaishusha uani, akatengeneza bawaba na makufuli kwa miaka ishirini. Mimi nilijiunga naye nikiwa sina kazi wala nia ya kuitafuta.

Mwaka 2014 upepo ukageuka. Kampuni kubwa ya kigeni ilijenga kiwanda cha kuunganisha matrekta ng’ambo ya reli, na serikali ikaiwekea kanuni ya miaka kumi: robo ya vipuri vyake inunue kwa mafundi wa hapa. Kampuni ikatuletea sampuli ya kishikio cha taa ya mbele na kuagiza mia nne. Hapo ndipo naingia mimi. Sampuli ile ilikuwa imekandamizwa njiani na mzigo mwingine, sikio lake moja likapinda kidogo. Mimi nilidhani ndivyo lilivyobuniwa. Nilitengeneza kalibu kwa uaminifu wote, na vishikio mia nne vikatoka na sikio lililopinda. Dada alivipima kimoja kimoja na sampuli, akaridhika.

Tulivipeleka kiwandani, vikarudishwa siku hiyo hiyo. Wiki ya pili kampuni ikaiandikia wizara ya viwanda kuomba isamehewe kanuni, kwa kuwa mafundi wa hapa hawana uwezo. Nilitaka ardhi inimeze. Dada hakunigombeza. Alibeba boksi la vishikio vilivyokataliwa pamoja na ile sampuli, akaniambia, “Twende. Na usiongee.”

Chumba cha mkutano wizarani kilikuwa na meza ndefu na feni isiyozunguka. Upande mmoja alikaa afisa wa wizara, upande mwingine meneja wa manunuzi wa kampuni. Dada alimwaga vishikio mezani.

“Ni kweli vimepinda,” alisema. “Vyote mia nne, na vimepinda sawasawa, tofauti haifiki nusu milimita. Sasa naomba mpime ile sampuli mliyotuletea.”

Meneja alipima. Akapima tena. Kisha akacheka, na kusema kweli kicheko chake kilikuwa cha kiungwana.

“Lakini mama,” afisa alisema, “si mngeuliza?”

“Tuliomba mchoro mara tatu, tukaambiwa ni siri ya kampuni. Kanuni yenu inawaambia wanunue kwetu. Haiwaambii watueleze wanataka nini.”

“Sasa unataka tuandike nini?”

“Sentensi moja tu. Anayeagiza kipande atoe na mchoro wake.”

Sentensi hiyo ilimchukua miezi kumi na moja na safari nyingi hata mlinzi wa getini akakoma kumwandika kitabuni. Ilipoingia kwenye kanuni, kampuni ilitoa michoro, nasi tukaahidi kuitunza siri. Na haki yake tuipe: baada ya hapo ilituma mhandisi wake akae nasi mwaka mzima, akatufundisha vipimo ambavyo hata dada hakuvijua. Vijana wetu sita wakawa arobaini na mmoja. Mtaa uliokuwa na karakana mbili sasa una tisa. Redioni wanasema uchumi umekua kwa asilimia kadhaa. Marehemu alikuwa akizima redio na kuuliza ni wangapi wameanza kazi wiki hii.

Mwaka 2022 alianza kusumbuliwa na moyo. Alilazwa mara nne. Kilichomkosesha usingizi, hata hivyo, kilikuwa tarehe 30 Juni mwaka huu, siku ya kanuni kufikia mwisho. Je, kampuni isiyolazimishwa na mtu ingeendelea kununua kwetu, au ingerudi kuagiza nje na kutuacha kama ule mwaka wa majembe?

Juni ikaisha. Wiki ya kwanza ya Julai hakuna oda iliyokuja. Jumatatu jioni aliniuliza wodini, “Wamesemaje?”

“Bado, dada.”

“Usinifiche.”

“Sikufichi. Bado.”

Alifumba macho. “Wale watoto wasirudi uani kutengeneza makufuli,” alisema. Alifariki Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Aliondoka bila jibu, na hilo linaniuma kuliko yote.

Ameacha watoto watatu, wajukuu saba, mimi mdogo wake, dada zetu wawili, na mafundi arobaini na mmoja.

Kuhusu mafundi hao, naona wengi wenu mnageuka kuwatafuta, na nimesikia minong’ono kwamba wamekosa adabu. Wamekuja kumi tu. Jibu lilifika Alhamisi: vishikio mia sita, na mara hii vya matrekta yatakayouzwa nchi za nje. Kila oda ya miaka kumi ilikuwa na mstari juu unaosema inatolewa kwa mujibu wa kanuni. Oda hii haina mstari huo. Wameagiza kwa sababu wanataka. Lori la kuvichukua linafika Jumatatu, na hao thelathini na mmoja wako karakana sasa hivi, kwa amri yangu, wakipima.

Dada, kazi ipo. Lala salama, Mungu akupe utulivu.