Mwalimu Omwenga na Sufuria ya Msiba

Wapendwa waombolezaji, marehemu Zachary Omwenga, ambaye wengi mlimwita Mwalimu, na wachache, tunawajua, mlimwita Bwana Sufuria, alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 huko Nyamira, Kenya, akasoma hadi chuo kikuu Nairobi, akamuoa Bi. Estella tarehe 17 Desemba 1988, wakajaliwa Kemunto na Boniface, na mwaka 1996 akaja hapa Durban, Afrika Kusini, kufundisha historia chuoni Westville, hasa ya ile miji ya Italia ya zamani iliyopakana kama mashamba ya ndugu, na kuchukiana vivyo hivyo.

Alipenda kusimulia jinsi watu wa Modena na Bologna, mwaka 1325, inavyosemekana, walivyouana kwa ajili ya ndoo ya mbao, ndoo ya kisimani jamani, akicheka hadi miwani inamwanguka.

Lakini mwaka 2017 kanisa letu lilipogawanyika, Wakenya huku, Wakongo kule, eti kwaya ipi itangulie kuimba, Mwalimu aliibeba mchana kweupe ile sufuria kubwa ya kanisa ambamo kila mfiwa wetu hupikiwa, akaifungia kwenye garaji yake Morningside, na Bwana Léonard, wa upande wa Wakongo, alipofariki Juni 2019, mjane wake, Mama Huguette, akaja kuiomba, akajibiwa dirishani, geti halikufunguliwa, kwamba hiyo ni mali ya Wakenya, naye akasema mtaa mzima ukisikia, eish, Mwalimu, ile ndoo ulikuwa unachekea watu, leo iko kwa garaji yako, na waombolezaji wa Léonard wakala mkate mkavu. Tunalisoma hili kwa aibu, kwa kuwa yeye mwenyewe aliagiza lisomwe, na habari ya ndoo hakuisimulia tena.

Agosti 2024 aligundulika ana saratani ya ini, Mama Huguette akawa anamletea supu kila Jumapili, bila kuitaja sufuria hata kidogo, na hilo lilimchoma kuliko ugonjwa, akawa anakunywa ameelekea ukutani. Siku zake za mwisho aliituma sufuria irudishwe kwa Wakongo, akahofia wataikataa, akafariki tarehe 9 Mei 2025 kabla ya kupata jibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na zaidi Mama Huguette na kina mama wa Kikongo, ambao tangu alfajiri wako nyuma ya ukumbi huu wanatupikia, kwenye sufuria ile ile.

Pumzika kwa amani, Mwalimu, jibu limeshaiva, nasi tutalila tumeinamisha vichwa.