Ubeti wa Mvivu wa Ndiva

"Neno likishaandikwa, laweza kutubu?" Jirani yangu aliniuliza hivyo zamani, nikamwelekeza kwa mchungaji.

Nililikumbuka swali hilo Jumamosi ile, ndani ya Landrova ya abiria iendayo Chome. Walimu sita tuliopanda nao walikuwa wakifuata mto, wakitembelea mahali palipotajwa na marehemu mshairi wa huko. Kiongozi wao, Evance, alivaa koti la mitumba lililomzidi mabega.

"Pale ndiva, kwenye bwawa la mifereji, tutasoma ubeti wa mvivu aliyekimbia msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji," alitangaza.

Mama aliyekaa mbele yake akageuka. "Uruke huo, mwalimu. Mvivu huyo ni baba yangu. Siku ile ya kazi alimbeba mama mgongoni kwenda zahanati, mimi nazaliwa."

"Mama, shairi haliachwi pengo."

"Mbuzi wa faini aliyotozwa baba alishaliwa. Hamjashiba tu?"

Walimu wenzake wakacheka. Evance akafunua daftari, akalifunga, akalifunua tena. "Mwandishi amekufa. Nimwombe nani ruhusa?"

"Baba yu hai. Ndiye anayefungulia maji pale mpaka leo."

Gari likasimama kando ya bwawa. Mzee mmoja aliinua jembe kutukaribisha, akitabasamu. Yule mama akashuka, akaenda kusimama ubavuni pake.