Aliyebaki Jasaipa na Makaburi ya Mama Zetu

Msichana wa duka la kuchapisha pale Uribia alitaka kuweka jina la marehemu juu kabisa ya karatasi hii, kwa herufi kubwa. Nilimkatalia. Jina la aliyelala halitamkwi mbele ya wafiwa, na mimi dada yake ndiye mfiwa wa kwanza. Picha inatosha. Nyote mliokuja mnamjua.

Marehemu ndugu yangu alizaliwa hapa Jasaipa tarehe 9 Oktoba 1952, kitindamimba wa mama yetu, ukoo wa Epieyu. Mama alikuwa akisema mwaka ule mvua ilinyesha mpaka mbuzi wakawa wanachagua majani.

Mwaka 1961 alipelekwa shule ya bweni ya mapadri. Siku moja waliambiwa wachore kwao. Wenzake walichora nyumba, mbuzi na mama zao. Yeye alichora mstari mmoja na nukta. Padri akamuuliza nyumba iko wapi.

"Hiyo nukta ndiyo nyumba, padri. Kilichobaki ni upepo."

Padri alicheka sana, akaitundika picha ukutani. Kabla mwaka haujaisha, ndugu yangu alirudi nyumbani kwa miguu, viatu vya shule ameving'iniza shingoni visije vikachakaa. Masomo yake yaliishia hapo.

Alipokuwa kijana alibeba chumvi Manaure. Mwaka 1979 alimwoa Aminta wa ukoo wa Ipuana. Mama alitoa mbuzi na shanga, na hakuna aliyenung'unika. Walipata wana wawili, Wilmer na Yeiner, Waipuana kama mama yao, maana kwetu mtoto hufuata ukoo wa mama, na ardhi vilevile.

Mwaka 1984 serikali ilileta kinu cha upepo cha kuvuta maji kisimani, akakabidhiwa yeye. Alikuwa akipanda juu kukipaka mafuta, akirudi mweusi kama sufuria. Maji yale yana chumvi. Mbuzi hawalalamiki, watu tulilalamika na tukanywa. Siku hizo hapa palikuwa na makelele, watu na punda na mapipa yao, na yeye akiwatania wanawake kwamba wanamaliza maji kwa kuosha midomo.

Kisha ukame ukafuatana na ukame. Mbuzi wakafa, watu wakahamia Maicao na Riohacha, nyumba moja moja. Mimi pia nilikwenda kwa binti yangu. Aminta alikwenda kuuza mifuko anayofuma, akasema atarudi mvua ikinyesha. Mvua ilinyesha. Ndugu yangu akabaki na kinu na makaburi. Kila jioni alitundika bembea mbili za kulalia, yake na ya mgeni, na asubuhi aliikunja ya mgeni ikiwa safi vilevile.

Alinunua simu, lakini mtandao ulishika juu ya kinu tu. Alikuwa akipanda ngazi na magoti yake mabovu, ananipigia, halafu hasemi kitu. Nikamwambia atavunjika shingo kwa simu isiyo na habari.

"Habari sina, dada," akasema. "Nataka tu kusikia makelele ya huko kwenu."

Mwaka 2019 walikuja watu wa kampuni ya minara ya umeme wa upepo. Waliuliza mwenye ardhi, wakaonyeshwa ndugu yangu. Wakaona mzee ana wana, wakawafuata wana mjini. Ndivyo wafanyavyo watu wa nje. Wilmer na Yeiner wakatia sahihi, wakapewa gari. Waipuana hao, wakatia sahihi juu ya ardhi ya Waepieyu! Alama nyekundu za barabara zikachomekwa kati ya nyumba na makaburi.

Ndugu yangu hakuuchukia mradi. Alisema upepo wauchukue, hauishi, na taa tunazitaka na sisi. Barabara angewapa nyuma ya kilima, kama wangetuuliza sisi wenyewe.

Wilmer alikuja kumbembeleza. "Baba, unalinda nini hapa? Mbuzi saba na vumbi?"

"Nawalinda mama zangu," akamjibu. "Wa kwako wamelala kwa Waipuana. Nenda kawalinde."

Tulimtuma msemaji wa ukoo, mzee Arcesio. Alikwenda na kurudi mpaka wana wakarudisha gari, na kampuni ikang'oa alama zake. Ila wana hawakukanyaga hapa tena, na bwana mkubwa wa kampuni alisema hawana haraka. Kwa desturi yetu ardhi ni ya wenye makaburi, ilimradi mmoja wao anaishi papo hapo. Bwana huyo alikuwa ameshajifunza hilo. Jioni ile simu yangu ililia.

"Dada," akasema, "wananisubiri."

Januari mwaka huu wa 2023 figo zilimwangusha. Uribia muuguzi alimwambia lazima alazwe.

"Na nyumba ilale na nani?" akauliza.

Muuguzi alidhani anatania. Asubuhi alidandia lori la chumvi akarudi. Alifariki dunia tarehe 14 Machi. Eudes, dereva wa lori la maji, ndiye aliyemkuta, amelala kwenye bembea yake, na ya mgeni imetundikwa kando.

Ameniacha mimi dada yake Zenaida Epieyu, binti yangu Nelva na watoto wake, Aminta, na wanawe Wilmer na Yeiner, ambao jana walikuja wamejifunika nyuso, wakalia kama inavyopasa, na nikawapa nyama kwa mkono wangu. Ameacha mbuzi saba na kinu kinachotaka mafuta.

Miaka ya mazishi ya pili itakapotimia, kama ilivyo desturi yetu, mifupa yake nitaitoa na kuiosha mimi. Nikiwa nimetangulia, ataiosha Nelva. Ndugu yangu alale kwa mama zake bila kushtuka. Wanaosubiri waendelee kusubiri. Tangu juzi bembea ya mgeni nailalia mimi.