Rula Inayoanzia Tatu

Tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, Bi Rula atafunga droo yake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu katika Kitengo cha Kusawazisha Alama, bila kuhama chumba wala kubadilisha kiti. Daftari la mahudhurio linaonyesha kwamba amechelewa kazini mara mbili tu. Mara ya kwanza alimpeleka kifunguamimba wake shule, siku ya kwanza, na mtoto akakataa kuiachia sketi ya mama yake. Mara ya pili alidai saa ya ukutani ndiyo iliyokosea. Kwa kuwa aliyesema ni yeye, saa ilipelekwa kwa fundi, na kweli ilikuwa imekosea.

Alitujia akiwa mwalimu wa fizikia wa miaka mitano. Mkononi alikuwa na rula ya plastiki ambayo wanafunzi wake walikuwa wameivunja upande wa mwanzo, kwa hiyo inaanzia sentimita ya tatu. Rula hiyo anayo mpaka leo. Ofisi imemnunulia nyingine mara nne, naye akazigawa zote. Mumewe, ambaye ni fundi seremala na mtu mpole kwa mambo mengine yote, ameipiga marufuku isikanyage karakana yake.

Mimi ninayeandika haya niliiazima katika mwezi wangu wa kwanza wa kazi. Nilipima mchoro mzima wa alama za fizikia kuanzia kwenye ile ncha iliyovunjika, na kila sentimita ilikuwa alama tano, nikagundua kwamba watahiniwa wote wamepanda kwa alama kumi na tano. Nikaenda chumba cha pili kuwatangazia wenzangu habari njema. Walinisikiliza kwa adabu sana, maana wengi wao walishapita njia hiyo hiyo. Bi Rula alinirudisha mezani, akaniambia kwamba rula haijasema uongo, ila nilikuwa nimeisoma kabla ya kujua inaanzia wapi. Kisha akasema kwamba kazi yote ya kitengo hiki ndiyo hiyo, na nikishaielewa mengine ni hesabu tu.

Kwa wageni wetu wa hafla ya kumuaga Ijumaa, kazi yenyewe ni hii. Mtahiniwa wa mwaka wa mwisho wa sekondari akipata arobaini na saba katika fizikia, hiyo arobaini na saba ni alama ghafi. Haisemi lolote mpaka ujue mtihani ulikuwa mgumu kiasi gani. Mwaka mmoja maswali huwa laini, mwaka mwingine mtungaji ameamka vibaya. Sisi tunatengeneza jedwali linalogeuza alama ghafi kuwa alama ambayo chuo kikuu kinaweza kuilinganisha na ya mwaka jana na ya mwaka juzi. Mtoto asiadhibiwe kwa kuzaliwa mwaka mbaya, wala asibebwe kwa kuzaliwa mwaka mzuri.

Sasa tufike kwenye mwaka ambao kila mtu katika jengo hili anauita mwaka ule. Ni miaka kumi na saba iliyopita. Wastani wa fizikia, uliokuwa ukitulia kwenye hamsini na mbili miaka yote, ulianguka hadi thelathini na nane. Matokeo yalitakiwa kutangazwa Jumamosi, na hii ilikuwa Jumatano. Kulikuwa na kambi mbili. Kambi ya kwanza ilisema watoto wa siku hizi hawasomi, litumike jedwali la mwaka uliotangulia na wavune walichopanda. Kambi ya pili, yenye huruma, ikiongozwa na Mkurugenzi wa wakati ule mwenyewe, ilitaka kila mtahiniwa aongezewe alama kumi na nne, mambo yaishe.

Bi Rula alizikataa zote mbili, na kwa sauti yake ile ile ya kuombea chumvi mezani. Kuhusu huruma alieleza kwamba aliyerudisha kitabu cha majibu kitupu angepewa kumi na nne kwa kuandika namba yake vizuri, na aliyepata tisini na moja angepata mia na tano kati ya mia. Kuhusu ukali alieleza kwamba hakuna anayejua bado kama watoto ndio dhaifu au mtihani ndio mgumu. Akakumbusha kwamba kuna njia ya kujua.

Njia hiyo ilikuwa maswali matano ambayo kitengo huyaita maswali ya nanga. Kila mwaka yanawekwa katika mtihani kwa maneno yale yale, yakitawanywa kati ya mapya, na karatasi za maswali hukusanywa zote ili yasivuje. Jumla yake ni alama ishirini, na kwa miaka mingi wastani wake, uliohesabiwa kwa mkono kila mwaka baada ya matokeo kutangazwa, ulikuwa kumi na moja nukta nne. Kama watoto wamezembea, watazembea na hapo pia. Tatizo ni kwamba kompyuta ya wakati ule ilihifadhi jumla tu, si alama ya kila swali. Ilibidi vitabu vya majibu vifunguliwe na kuhesabiwa kwa mkono, na matokeo yaahirishwe.

Mkurugenzi alisema wazi kwamba wazazi na magazeti watamla mzima. Hapo Bi Rula akachukua karatasi, akaandika mistari miwili, akaifunga kwenye bahasha na kuiweka mbele ya Mkurugenzi. Ilikuwa barua ya kuacha kazi. Kama maswali ya nanga yangeonyesha kwamba watoto kweli walikuwa dhaifu, Mkurugenzi aikubali siku hiyo hiyo na kuutangazia umma kwamba kosa ni la mtumishi mmoja. Alikuwa na miaka kumi na sita kazini, watoto wawili shuleni, na mume ambaye karakana yake ndiyo kwanza ilikuwa imeezekwa. Mkurugenzi aliitia bahasha kwenye droo na kumpa siku tisa.

Waliohesabu ni watu watatu: Bi Rula, karani mmoja, na mtunza stoo wetu tuliyemwita Mzee wa Rafu, aliyejua kila furushi lilipolala. Chini ya bati, katika joto la mchana, kila kitabu kilifunguliwa kurasa tano na kufungwa. Siku ya tatu walijumlisha vitabu mia nne vya kwanza. Wastani ulikuwa tisa nukta nane. Karani ametuhadithia kwamba Bi Rula aliisukuma chai yake pembeni na hakuigusa tena. Aliijumlisha ile hesabu mara mbili, ikarudi vile vile, na kwa muda hakuna aliyethubutu kumtazama.

Kisha akauliza vitabu hivyo vimetoka wapi. Mzee wa Rafu, kwa wema wake wote, alikuwa amechukua mafurushi ya karibu na mlango ili asiwachoshe. Mafurushi ya karibu na mlango ndiyo yaliyofika mwisho, na yaliyofika mwisho yalitoka shule mpya za mbali zisizo na maabara. Bi Rula hakumgombeza. Alimwambia haraka haraka haina baraka, wakarudisha vitabu vyote mia nne, wakaanza upya kwa kuchukua kitabu kimoja katika kila hamsini, rafu kwa rafu, ya karibu na ya mbali. Siku ya nane vilikuwa vitabu elfu moja na mia mbili. Wastani ulikuwa kumi na moja nukta sita. Watoto hawakuwa dhaifu. Walikuwa bora kidogo kuliko kaka na dada zao.

Siku ya tisa alichora jedwali kwa rula yake. Aliona kwamba maswali mawili marefu ndiyo yaliyoleta balaa, kwa sababu kila hatua ilitegemea iliyotangulia. Waliokuwa juu kabisa waliyamudu, waliokuwa chini kabisa wasingeyafikia hata mwaka mwingine. Walioumia ni wa katikati. Basi mstari wake haukupanda sawasawa. Sifuri ilibaki sifuri, mia ikabaki mia, tisini na moja ikawa tisini na tano, na arobaini ikawa hamsini na tano. Magazeti yalisema sana wiki ile. Mwaka mmoja baadaye vyuo vikuu vilituletea matokeo ya fizikia ya mwaka wa kwanza, na kundi lile lilikuwa limefaulu kwa kiwango kile kile cha makundi yaliyotangulia. Mkurugenzi alilibandika jedwali hilo mlangoni, na siku hiyo watu walipiga makofi ukumbini mpaka walinzi wakaja kuangalia kuna nini.

Katika ule mwaka mimi nilikuwa mtahiniwa. Nilipata arobaini na saba ghafi, ikasomeka sitini na tatu, na mlango wa chuo ulikuwa unafunguliwa kwa sitini. Nilipoajiriwa hapa nilikaa miaka minne nikitafuta namna ya kumwambia. Nilipomwambia, machozi yakiwa karibu, alitaka kujua kama swali la tisa, mojawapo ya yale mawili marefu, nililipata. Sikulipata. Akanielekeza pale pale, nyuma ya bahasha, na sasa nalijua.

Tangu mwaka ule kompyuta zetu zinahifadhi alama ya kila swali, na hakuna kitabu kinachochukuliwa karibu na mlango. Amefundisha wasawazishaji kumi na wanane, na wote tumewahi kupima kwa ile rula vibaya. Anatuachia rula yenyewe, imebandikwa karatasi yenye maneno "inaanzia tatu". Mumewe ametuma shukrani za dhati.

Limebaki jambo moja la kiofisi. Ile bahasha haikufunguliwa kamwe. Wakurugenzi watatu wamekabidhiana bahasha hiyo pamoja na funguo za droo, kila mmoja akimwambia anayekuja kwamba hii haiguswi. Bi Rula ameomba ichanwe pamoja na vitabu vya zamani, na kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini na mitatu tumekataa agizo lake. Ijumaa atakabidhiwa mkononi, ikiwa imefungwa vile vile.

Bi Rula, asante kwa kila mtoto wa katikati. Ombi lako la kuacha kazi limekubaliwa kuanzia tarehe 30 Juni. Pumzika vyema, ufurahie wajukuu na karakana, maisha yakunyookee. Na utuwie radhi kwa kuchelewa kukujibu.