Kofia ya Mwanzilishi wa Mji

Basi letu lilipotoka Kitale, mbele ya kiti changu binti aitwaye Nabwile alimwonyesha jirani yake wa kiti, mzee Gicheru, katuni anayoipeleka Bungoma kuchapishwa. Ni historia ya mji wa kubuni uliojaa majambazi, ambao shujaa wake huruka juu ya mapaa. Mwanzilishi wa mji huo, aliyechorwa na kofia, alinunua mahindi kwa gorogoro, lile kopo la kupimia, akitumia kubwa iliyopanuliwa kwa nyundo ili kuwapunja wauzaji, mpaka akawa meya.

"Hii kofia ni ya baba yangu," mzee akasema, akimgusa mwanzilishi mchoroni. "Ah, guka," Nabwile akamwita babu kwa Kikuyu, "si kofia ni kofia tu?" "Wewe mtoto wa nani?" "Nyanya yangu ni Nasimiyu. Alikuwa anauza mahindi soko la Kwanza." Mzee akaivua kofia yake, sawa na ile ya mchoroni. Mimi nimezunguka masoko mengi, na gorogoro isiyo na alama ya nyundo naikumbuka moja tu.

"Basi mchoree gorogoro nzima, bana," mzee akamsihi. "Na mji ukianza na kipimo cha haki, shujaa atafanya kazi gani?" Nabwile akauliza.

Basi likasimama Misikhu, nikashuka. Mzee alikuwa ameniambia anashuka hapo pia, lakini hakuinuka. "Tutafika pamoja kwa huyo mchapishaji," nilimsikia akimwambia Nabwile, na kofia yake mwenyewe ameificha chini ya kiti.